Kwa Thadeus Mwasaru, Kuhusu Maharagwe ya Mbula

Baba Rita, mwaka umezunguka tangu ututoke. Jumapili hii utatajwa kanisani, na kabla ya hapo sisi wa nyumbani kwako hapa Mwanda tumeona tukupe habari za nyumbani wenyewe, maana ulikuwa mtu wa kuuliza habari hata kabla hujavua kofia. Wengine wakizisikia, na wasikie. Hakuna siri.

Habari zenyewe si nzuri zote. Tumechoka, na mkeo Peris amechoka kuliko sisi sote. Mambo ya mwaka huu yamempitia yeye zaidi, kwa hiyo tutakusimulia kwa upande wake.

Lakini kwanza tukukumbuke ulivyokuwa. Tunakukumbuka juu ya ile baiskeli ya kanisa, kikapu mbele, na ndani ya kikapu, Mungu akurehemu, samadi. Hukuweza kupita kinyesi cha ng'ombe barabarani ukakiacha. Ulishuka, ukaangalia huku na huku kama mwizi, ukakizoa kwa jani la mgomba, ukaendelea na safari yako hata kama ulikuwa unaenda harusini. Rita alikuwa akisema afadhali baba mlevi, kwa sababu mlevi hunuka peke yake. Ulicheka kuliko mtu yeyote, halafu ukamtuma akamwage kikapu kwenye shimo la mboji.

Ulikuwa kibarua wa mkonge huko chini upande wa Voi ulipokuwa kijana, na huko ndiko ulikoona udongo unavyoweza kuchoka mpaka ukakataa hata magugu. Uliporudi mlimani ukakuta watu wanachoma mabua, wanalima kufuata mteremko, na mbegu wananunua dukani kila msimu. Ukaanza na jirani mmoja, kisha wa pili, na kabla hatujajua nyumba yetu imekuwa shule. Uliwafundisha kupanga mawe kuzuia udongo, kuozesha majani badala ya kuyachoma, kuchanganya mahindi na maharagwe na maboga shamba moja, kuua wadudu kwa pilipili na majivu. Hukudai kwamba umegundua kitu. "Nawakumbusha tu," ulikuwa ukisema. "Nyanya zenu walifanya haya yote bila kuitwa semina." Na asubuhi, kabla ya chai, ulikuwa ukiokota udongo wa shambani na kuunusa, kisha ukakuna kichwa.

Kilichokukosesha usingizi ni mbegu. Uliiona njaa ya mwaka wa themanini na nne, watu wakila mbegu zao kisha mvua ikanyesha wakawa hawana cha kupanda, na hukuisahau. Ndiyo maana uliamua mbegu za kikundi chote zikae kwetu, darini, juu ya moshi wa jiko la Peris. Kila mtu alichukua mkono wake mmoja wa mbegu wakati wa kupanda, na baada ya kuvuna akarudisha zote, hata punje asibaki nayo, ili asije akajaribiwa. "Akiba haiozi," ulisema, na mkeo akapika chini ya akiba hiyo miaka yote, macho yakimtoka machozi.

Katika zote, ulipenda maharagwe ya Mbula. Wenzetu wa mbali labda hawajui: Mbula alikuwa mama mzee wa huku juu kabisa, na maharagwe yake yalikuwa madogo, meupe yenye madoadoa meusi karibu na jicho. Ukungu wa Mwanda ukikaa wiki nzima, maharagwe ya watu wote huoza kwenye shina, lakini yake hayakujali. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Alipoona siku zake zinakwisha alikuita, akakukabidhi kibuyu kizima. "Chukua, mwanangu," akakuambia. "Wangu wote wako Mombasa, wananunua kwa duka." Ulirudi nyumbani ukitembea polepole, umekumbatia kile kibuyu, na baiskeli akasukuma mtu mwingine.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe.

Novemba iliyopita, ulipokuwa umelazwa na kile kifua, ulimtuma Rita na maneno machache. "Mwambie mama yako ayaanike yale ya Mbula. Mvua iko karibu." Peris hakungoja. Alipanda darini, akashusha kibuyu, akayapepeta majivu, akayachambua moja moja, akayamwaga kwenye mkeka uani yapigwe na jua kama ulivyotaka. Alikuwa bado ameinama pale alipomwona mwanao Sylus akipanda njia ya kutoka hospitali. Alikuwa anapanda bila haraka. Peris akajua, kwa sababu mwenye habari njema huupanda mlima ule akikimbia. Akasimama, akajifunga leso, akaacha kila kitu kama kilivyokuwa.

Desturi unaijua. Msiba ukiingia, mwenye nyumba hana jiko tena. Wanawake wa kijiji huingia, huchukua sufuria, huchukua kuni, hupika walichokuja nacho na walichokikuta, na mfiwa haulizwi hata chumvi iko wapi. Ndivyo tulivyolelewa, na ni desturi nzuri. Jikoni kwetu aliyeongoza alikuwa Gertrude, mwenyekiti wa kikundi chako, mwanafunzi wako wa mbele, yule uliyezoea kutuambia kwamba akifa yeye utafunga shule. Wanafunzi wako walikuja wote, wa Mwanda na wa ng'ambo ya kilima, na wote walitakiwa kula.

Peris aliletewa sahani yake mkekani, mahindi na maharagwe. Alishika kijiko, akakaa nacho. Maharagwe yakichemka madoa hufifia, lakini hayafutiki yote. Akayatazama. Akamwita Gertrude kwa mkono.

"Gertrude, hii maharagwe imetoka wapi?"

"Si ile ulikuwa umeanika, Mama Rita? Tulipata imechambuliwa vizuri, tukasema Mungu ametuandalia."

"Ingine iko wapi?"

"Imeisha. Watu ni wengi." Ndipo Gertrude naye akaitazama sahani. Alikuwa ameyapanda maharagwe hayo kwa mkono wake misimu mitatu, lakini katika haraka ya msiba, kwenye sufuria kubwa la moshi, nani huangalia madoa? Upawa ulimponyoka. "Uwi," akasema, basi.

Peris alikula, Baba Rita. Angefanya nini? Kuacha chakula cha matanga ni kuwatukana waliopika. Huku nje wanafunzi wako walikuwa wakisifu jinsi maharagwe yalivyoiva laini, wakiomba kuongezwa. Husemwa kufa kufaana, na siku ile walifaana kweli, wakashiba mbegu ya mwalimu wao kabla hawajamzika. Hatukuwa na nguvu ya kucheka wala ya kulia kwa sababu hiyo. Tulikuwa na wewe wa kulilia.

Usimkasirikie Gertrude. Yeye alijikasirikia akatutosheleza sote. Tangu tulipokuzika hakukanyaga tena nyumbani kwetu. Akimwona Peris sokoni Wundanyi alikuwa akigeukia safu nyingine, hata kama ni ya samaki na yeye samaki hali.

Mvua ikaja, kidogo, na watu wakaja. "Mama Rita, Mwalimu alisema tuje mvua ikianza." Ikabidi Peris awaambie mmoja mmoja kwamba mtama upo, wimbi upo, kunde zipo, lakini maharagwe ya Mbula waliyala wenyewe. Kuna mzee mmoja aliyesimama mlangoni akajishika tumbo kama anataka kuyarudisha. Halafu mvua yenyewe ikakatika, na kilichopandwa kikakauka, na tukala mahindi ya msaada kama watu wote. Masika nayo ikatudanganya hivyo hivyo.

Huo ndio mwaka alioupitia mkeo. Na katika ukame huo wote watu hawakuacha kuja. Walimjia na viwavi kwenye majani, walimjia na mboji inayonuka vibaya, walimjia na swali kama mbuzi akila mwarobaini atakufa. Wewe ulikuwa umekufa, na maswali yakawa hayajapata habari. Peris hakuwahi kukaa kwenye somo lako hata moja. Ulipokuwa ukifundisha uani, yeye alikuwa jikoni akiwapikia wanafunzi wako uji. Lakini kwa watu mke wa mwalimu ni mwalimu, basi alijibu alivyoweza, akalima shamba la mafunzo peke yake, akapanga tena mawe yaliyoporomoka, na jioni akawa hawezi kunyoosha mgongo.

"Mimi niliolewa na mtu," alimwambia Rita siku moja, amekaa kizingitini na jembe miguuni. "Sikuolewa na semina."

"Si uwaambie wasikuje?"

"Niwaambie aje? Wakikuja ni kama baba yako bado ako hapa. Wakiacha kuja je?"

Rita akaliondoa lile jembe miguuni pake. 

Kilichomla Peris zaidi si kazi. Ulimwachia neno moja tu la mwisho, na neno lenyewe lilikuwa maharagwe. Hukusema umempenda, hukusema awatunze watoto, ulisema aanike maharagwe, na maharagwe ameyaanika na yameliwa. Angalau hivyo ndivyo alivyoliona yeye. Akaapa kwamba kabla mwaka haujaisha atayapata, hata mkono mmoja, hata punje za kujaza kiganja cha mtoto. Tulimwambia apumzike. Akasema atapumzika yakishapatikana.

Alianza na nyumba za karibu. Alipanda na kushuka Mwanda yote na goti lake lile bovu, nyumba kwa nyumba, akiuliza kama kuna aliyebaki na maharagwe ya Mbula. Unajua walimjibu nini? "Mama Rita, si tulirudisha yote? Mwalimu alitukataza." Kila nyumba, jibu ni lile lile. Hata wale tuliowajua kwa ukaidi, hata yule jirani anayeiba maji ya mfereji mchana kweupe, wote walikuwa wamekutii. Walikupenda, Baba Rita, na walikutii mpaka punje ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yetu. Peris alikuwa akirudi jioni kikapu kikiwa kitupu, anakaa, anavua viatu.

Mwezi wa tisa akakata tamaa. Aliteremka Voi, akaenda dukani kwa Hashil, rafiki yako, kununua mbegu ya paketi.

Watu walikuwa wakishangaa urafiki wenu: yeye anauza mbolea ya gunia na dawa za kupuliza, na wewe kutwa unawaambia watu wasinunue. Lakini hukuwahi kushuka Voi bila kukaa kwenye gunia lake moja la mbolea, ukinywa chai yake na kuitukana biashara yake. Alikuita Mwalimu wa Samadi. Ulimwita Muuza Sumu. Siku ya mazishi alikuja na mkewe Salme, akasimama nyuma kabisa, na Sylus alimwona akijifuta uso kwa kofia.

"Karibu, shemeji, karibu ndani," alimwambia Peris. "Keti hapo kwenye kivuli. Salme! Tuletee chai, mgeni ametoka mbali." Peris alipomwambia anachotaka, Hashil akaanza kucheka, kisha akamwangalia vizuri, akaacha.

"Mbegu ya paketi? Wewe? Mke wa Mwalimu wa Samadi? Nikuuzie leo, kisha kesho mbele ya Mungu nikikutana naye nimwambie nini?"

"Mwambie nimechoka," Peris akasema.

Salme alileta chai, akaketi karibu naye, akamshika mkono. Peris akawaeleza yote, mkeka, sufuria, nyumba kwa nyumba. Hashil alikuwa akitikisa kichwa. Halafu akaacha kukitikisa.

"Ngoja kwanza. Na yule bibi wa Kishushe? Yule aliyegombana naye?"

"Nani?"

"Kalondu. Wallahi, Mwalimu alikaa papo hapo ulipokaa, alasiri nzima, analalamika. Kalondu kachukua mbegu, Kalondu kakataa kurudisha, Kalondu hasikii. Nikamwambia, bwana wee, maharagwe ya ukungu uyapeleke Kishushe kwenye jua lile? Si yatakuwa bisi? Mwache nayo. Akaniambia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Ilikuwa kweli. Tulilikumbuka neno hilo, na hasira yako ya siku hiyo. Ulikuwa ukienda Kishushe kuwafundisha mtama, na mara moja ukabeba mkono wa maharagwe ya Mbula kuwaonyesha watu. Kalondu akayaomba ayajaribu. Msimu ulipoisha ukayadai, akakujibu mbele ya kikundi kizima kwamba kilichoingia jikoni kwake hakitoki kwa amri ya mwanaume wa nyumba nyingine. Ulimfuta kwenye kikundi. Hukurudi tena Kishushe.

Peris alikwenda. Magari ya kule unayajua, ni ya bahati. Alipata lori la watu wanaotafuta madini, likamfikisha linakofika, na sehemu iliyobaki akaitembea kwenye vumbi na miiba, akiuliza njia kila penye moshi. Jua la huko halina haya. Alipofika kwenye ua wa Kalondu midomo ilikuwa imempasuka.

"Hodi hapa."

Mwanamke aliyetoka alikuwa mrefu, mkavu, ana kisu cha kumenyea mihogo mkononi. Alimtambua mara moja, walikuwa wamewahi kuonana kanisani. "Mama Rita. Umetumwa na yeye?"

"Hajanituma. Alikufa, Kalondu. Mwaka unaisha sasa."

Hakuwa na habari. Kishushe ni mbali, na ulimfuta, nani angempelekea? Alisimama na kile kisu. Halafu akaenda akaleta kigoda, akaleta maji, akangoja Peris anywe yote.

"Nilikuwa nangoja akuje tumalize ile maneno," akasema. "Nilikuwa nimepanga vile nitamwambia."

Peris akamwambia kilichomleta.  Kalondu akamwongoza nyuma ya jiko, ndani ya boma la miiba, mahali maji ya kuogea yanapoishia. Palikuwa na mgomba mmoja uliochakaa, na chini ya mgomba, kwenye kivuli na unyevu ule, mashina ya maharagwe yaliyokauka, yamekwisha kuvunwa. Hayakuwa mengi, pale hapatoshi hata kitanda. Tangu ulipomfuta alikuwa akiyapanda hapo kila msimu, akila machache, akiweka machache. Akaingia ndani akatoka na bakuli la bati. Yalikuwa madogo, meupe, na yale madoadoa meusi karibu na jicho.

Peris alinyoosha mikono yote miwili.

"Yote hapana," Kalondu akasema.

"Kalondu, nimetoka Mwanda."

"Najua umetoka Mwanda. Unataka kupeleka yote kule juu ya moto wako tena? Bwana yako alikuwa mtu mzuri, mimi sikatai. Lakini mbegu ya watu wote aliweka kwa nyumba moja. Nani hufanya hivyo? Mama yangu akikosa mbegu alikuwa anaenda kwa jirani, na jirani akikosa anakuja kwa mama yangu. Sasa nyinyi jirani alikuwa na nini? Nyumba yenu haikuungua, Mama Rita. Ilipikia wageni tu, na mbegu ikaisha."

Peris alitaka kukutetea. Alifungua kinywa atetee njaa ya themanini na nne, atetee hofu yako, atetee yale macho yake yaliyotokwa machozi kwa moshi miaka yote hiyo. Akakumbuka nyumba zile za Mwanda, moja baada ya nyingine, na jibu lile lile mlangoni.  Akakaa chini pale pale penye tope la maji ya kuogea, akalia. Tangu tukuzike alikuwa hajalia vile, hakuwa amepata nafasi. Kalondu alimwacha alie, akakaa naye, akaendelea kumenya mihogo yake.

Alipomaliza, Kalondu akayagawa kwa mkono, huku na huku, mpaka yakalingana kwa macho. "Nusu yako hii. Ukipoteza, rudi."

Baba Rita, ulikuwa mwalimu wetu na tulijivunia wewe kila mahali, lakini katika jambo hili ulikosea. Tunakuambia kwa upendo, na tunajua ungekasirika siku nzima kisha ukakubali wakati wa chai. Uliogopa kwamba watu wakiachiwa mbegu wataila. Wengine wangeila, ni kweli. Asiyeila yote ndiye aliyetuokoa.

Peris alipofika nyumbani Sylus alikuwa ameshanunua kufuli la kufunga darini. Mkeo alilitazama akamwambia alirudishe dukani. "Sitakuwa askari wa maharagwe," akasema. Mvua zilipotangazwa alitandika leso mezani, akayagawa, akaanza kuzunguka nyumba zile zile kwa goti lile lile, safari hii akitoa badala ya kuuliza. Kila nyumba ilipewa kidogo, na kila mmoja aliambiwa yawe yake, ayapande, ayaweke, na asirudishe. Watu hawakuelewa.

"Lakini Mwalimu alisema..."

"Mwalimu amelala. Mimi ndiye nasema."

Likabaki fungu moja, la kwetu. Peris alilifunga kwenye ncha ya leso, akateremka nalo mpaka kwa Gertrude. Gertrude alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akasikia hatua, akainua kichwa, akaangalia mlango wa nyuma. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa upande wa Peris.

"Mama Rita, mimi usinipatie," akasema alipoona kilichomo. Alirudi nyuma, mikono mgongoni kama mtoto. "Mimi ndiye nilipika."

"Ndiyo. Na mimi nilikula," Peris akamwambia. "Tena nilikuwa na njaa, sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake. Ilikuwa imeiva vizuri. Sijawahi kukushukuru. Shika, upande."

Gertrude akashika. Walisimama hapo wakilia wote wawili, na ng'ombe akala majani yote aliyokuwa ameyakata.

Sasa mvua inanyesha. Wewe uliyeisubiri mvua maisha yako yote hujawahi kuona kama hii. Tangu mwezi wa kumi haikatiki, barabara ya Kishushe imekatika, na watu wa Voi wanasema mto umeingia majumbani. Dada yako Wakio amepoteza ngazi nzima ya shamba, mawe na udongo na maharagwe ya Mbula vyote vimeteremka bondeni. Kwa jirani wa mferejini yamezama. Lakini kwa wengine yameota, na kwa Gertrude yameota vizuri kuliko wote, majani yamesimama katika ukungu ule ule unaoozesha ya wengine. Tulienda kuyaangalia jana tukiwa tumejifunika magunia. 

Kwetu hayapo. Darini pako patupu, na moshi unapita bila kazi. Mwaka huu mkeo hakupanda. Analala mchana, Baba Rita, jambo ambalo hujawahi kuliona, na hakuna anayemwamsha. Mtu akija na swali la viwavi tunamwambia kwa sauti ya chini ateremke kwa Gertrude, yeye ndiye anayefundisha siku hizi, uani kwake, na uji anapika mumewe.

Unakumbukwa na mkeo Peris, wanao Rita na Sylus, dada yako Wakio na ukoo wote wa Mwasaru. Hashil na Salme wa Voi, ambao gunia lako la kukalia hawajaliuza. Gertrude na wote uliowafundisha. Na Kalondu wa Kishushe, aliyetuagiza kwamba akitajwa, isemwe pia kwamba hakurudisha.

Lala sasa, nasi tupumzike. Hutatutoka moyoni.